Mita Arobaini na Moja

Chumba hakina dirisha. Nje, Sagamihara inanyeshewa
mvua nyembamba ya Novemba, sisi hatuisikii.
Kahawa ya kopo imesimama kando ya kibodi ya Orikasa,
bado ya moto. Haigusi.

Huko juu chombo kinashuka.
Nasema *kinashuka*, na tayari nimekosea:
mwanga hutembea dakika kumi na sita kutufikia,
basi kilichoshuka kimeshashuka,
kilichovunjika kimeshavunjika,
na sisi tumekaa tunasoma wakati uliopo
ndani ya barua iliyokwisha kupoa.

Chombo hakina wa kumuuliza. Kuna jiwe tu,
jiwe lenye namba badala ya jina,
jeusi kama masizi ya chungu.
Kinatupa mmweko wa leza chini, kinaanza kuhesabu:
mwanga uende, ugonge, urudi.
Kufumba na kufumbua ni uzembe mbele ya safari hiyo.
Gawa kwa mbili. Umbali ndio huo.
Hesabu ya mtoto wa darasa la nne,
na imekula miaka kumi na mmoja ya watu wazima.

Mzee Shimomae, aliyeiunda saa ya kuhesabia,
alistaafu masika yaliyopita. Usiku huu amekuja kwa treni,
kaketi nyuma kabisa, mwavuli unamchuruzikia magotini.
"Jiwe bahili," alituambia zamani, akifuta lenzi.
"Utalipa chembe za mwanga milioni kwa milioni,
likurudishie kumi.
Hizo kumi msizidharau. Zihesabuni."

Hamsini na nane.
Hamsini na nne.
Arobaini na tisa.
Tarakimu zinashuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani,
kila kidato akikijaribu kwa kisigino.
Arobaini na tano. Arobaini na moja.

Arobaini na saba.

Hakuna aliyesema kitu. Kijana Tokura
alisimama, akakaa, akasimama tena.
Chombo kimepaa? Au jiwe limekimbia?
Au mwali umedondoka ndani ya ufa
na kuleta, kwa uaminifu kamili, habari ya shimo?
Maana leza haidanganyi; hujibu ilichoulizwa.
Na chombo kikiamini kwamba kiko juu,
kitaongeza mwendo, kiukimbilie mwamba
kwa furaha ya asiyejua.

Arobaini na saba. Arobaini na saba.

Miaka miwili Orikasa alibishana kwenye vikao:
shahidi mmoja hatoshi, hata akirudia mara mia.
Wekeni miali minne pembeni, iliyoinama,
kila mmoja na kipande chake cha jiwe.
Walimwambia uzito. Walimwambia bajeti.
Walimtania kwamba ndiye yule anayerudi nyumbani
kuhakikisha amezima gesi, halafu anarudi tena
kuhakikisha kwamba amehakikisha.
Alicheka nao. Hakuondoa hata mwali mmoja.

Sasa skrini inatoa ya pembeni:
arobaini na moja, arobaini, arobaini na moja, arobaini na mbili.
Mashahidi wanne dhidi ya mmoja.
Chombo kilimsikiliza yule mmoja, kikamshukuru,
kikaliweka neno lake kando,
kikaendelea kushuka kwa mwendo wake uleule wa konokono.

Arobaini. Thelathini na tisa.
Ufa umepita.

Nyuma, Shimomae aliufunga mwavuli wake
ambao ulikuwa umefungwa tangu mwanzo.

Orikasa anatazama saa ya ukutani, anatoa kumi na sita.
Basi chombo kilipokuwa kinapima shimo
yeye alikuwa kwenye ujia, mbele ya mashine ya vinywaji,
anapapasa mfukoni sarafu ya yeni mia,
akiwaza kama achukue yenye sukari.
Hatari nzima ilikuja ikapita
akiwa na kidole kwenye kitufe.

Kopo na habari viliondoka pamoja.
Analifungua. Anakunywa.
Ya baridi, kama ilivyopaswa.
Thelathini na sita, inasema skrini,
na huko, kwa vyovyote vile, si thelathini na sita tena.