Kupunguza

Saa tisa usiku, Isevya imelala,
mimi nafumua gauni langu mwenyewe.
Vidonge vimeninyang'anya usingizi
vikaniachia njaa:
michembe sufuria nzima,
kijiko nimelamba, kifuniko nimelamba,
namwonea wivu mbwa wa jirani na mfupa wake.

Mwezi wa tatu nilikuwa uzi.
Damu chooni, mara kumi, mara kumi na mbili kwa siku,
wateja wanakuta cherehani na tepu mezani.
"Fundi yuko wapi?"
"Yuko nyuma."
Kila saa nyuma.
Mpaka Bugando wakapitisha kamera wakaviona:
vidonda vya utumbo mpana,
si vya jini wala vya mtu.

Sasa nimekuwa mduara.
Mashavu andazi lililoiva,
nyuma ya shingo kumeota kinundu,
na Mama Msavi ananipokea sokoni mikono juu:
"Umenawiri, Kalunde! Maisha yamekukubali!"
Nacheka. Nimjibu nini?
Nilipougua hakuna aliyeniona.
Leo wanaiona dawa, wanadhani ni mimi.

Niliwahi kuviacha, sitaficha.
Jumatatu moja, kwa hasira ya kioo,
nilivifunga kwenye kipande cha bitana
nikavisukuma chini ya mashine.
Alhamisi magoti yakawa maji.
Ijumaa damu ikabisha hodi kama mdai.
Sista Nyanzobe wa Kitete hakunigombeza.
Alishika pindo la gauni langu akauliza,
"Wewe ukipunguza nguo, unakata tu?"
Hapana, nikasema. Unapima. Unashikiza pini.
Mteja anavaa, anazunguka, anakaa, anainama,
ndipo mkasi.
"Haya," akasema, akaandika kwenye kadi.

Vinane vimekuwa sita, vitano, vinne na nusu.
Nusu naikata kwa wembe wa kufumulia,
baada ya uji, kamwe si tumbo tupu.
Chumvi nimeiaga. Asali ya Sikonge
naipitisha puani, narudisha kifuniko.
Vile vya njano, vinavyokuja kushika zamu,
vinataka damu ipimwe kila mwezi,
na mteja mwenye kikohozi
nampimia barazani.

Kulwa aliuliza kama simpendi tena.
Nilikuwa nimempigia kelele kwa kifungo cha shati.
Nikamwambia, hiyo nayo ni dawa.
Siku hizi nikianza kufoka ananong'ona, "Mama, vidonge,"
na mara nyingi ni kweli.
Mara nyingine kifungo kweli amekipoteza.

Treni ya Kigoma inapiga honi ikikaribia stesheni.
Namaliza kuachia ubavu wa kushoto, sentimita tatu.
Kitambaa cha ziada sikikati.
Nakilaza ndani, nashona kwa mkono,
uzi mlegevu,
unaotoka ukivutwa.