Jina la Kwenye Kola

"Batwiso," karani akasoma, akainua macho kwenye fomu.
"Kabila gani hili? Mmanyema wewe?"
Nikamwambia: la dobi.
Hakucheka.

Babu alikuwa Kondo, mwana wa Mkamba,
miaka kumi na minne na pasi ya mkaa huko Sea View.
Mashati ya bwana yalishonwa jina ndani ya kola,
uzi mwekundu, herufi kumi zimebanana kama sisimizi,
yasichanganyike kambani na ya jirani.
Moja likaungua kwapani. Mshahara ukakatwa,
shati akaachiwa.

Ndilo alilovaa kwenda kuomba kazi bandarini.
Msimamizi, mtu wa haraka, hakumuuliza kitu;
alimpindua kola kama anayekagua gunia,
akasoma, akakosea, akaandika saba.
Tatu zikabaki shingoni.
Jumamosi ya malipo likaitwa: Batwiso!
Kondo akageuka kuona ni nani,
kisha akaenda dirishani.
Ukilikana jina, pesa inalala ofisini.

Shangazi Mwanahawa hakuridhika.
Akaandika barua kwa kanisa moja kaskazini ya Uingereza,
stempu tatu, na picha ya kola.
Jibu lilichukua miezi saba:
*wenye jina hili huku wamebaki wachache;
maana yake ya kale,
penye panda ya mto, palipo na makinda ya ndege.*

Aliisoma kwa sauti, amesimama mlangoni,
Kigogo, nyumba ya pesa za bandari,
pale Luhanga inapoingia Msimbazi.
Kuku alikuwa na vifaranga tisa uani.
Shangazi akatazama maji, akatazama vifaranga,
akaikunja barua mara nne.
"Kumbe tulitangulia kuandikwa," akasema,
akaenda kuepua wali.

Mvua za mwaka ule zilipanda hadi kwenye swichi.
Baada yake wakaja watu na rangi,
wakachora alama ya X ukutani,
nyekundu ileile.
Sasa tuko Mabwepande, mlimani, pakavu,
na maji tunayanunua kwa dumu.

"Mahali pa kuzaliwa?"
Nilitaka kumwambia aangalie hapo juu, kwenye jina.
Feni ilikuwa ikipiga kelele.
Kigogo, nikasema.
Akaandika: Kigoma.

Nyuma yangu foleni ilifika barabarani.
Nikaweka dole gumba.