Doa Juu Kushoto

Kila picha, juu kushoto,
penye anga la Atakama lisilojua wingu,
kuna doa kama punje ya ufuta.
Nélida alidhani ni ndege wa mbali.
Akabadili lenzi.
Doa likabaki palepale, mgeni asiyeaga.

Usiku huu amefunga madirisha,
amefungulia maji ya moto bafuni, mvuke ulaze vumbi,
amechaji betri hadi pomoni,
maana ikizima katikati ya kazi
pazia litashuka juu ya kijiti.

Kioo kimeinuka. Ndani, kihisi:
kijani, zambarau, upana wa stempu.

“Usipulize kwa mdomo,” anasema Eleuterio mlangoni,
angali na buti za mgodini.
“Nawe usiingie na hizo buti.”

Anaigeuza kamera kifudifudi.
Pampu ya mpira: fu, fu, fu.
Kijiti. Matone mawili ya spiriti.
Kwenda mara moja,
kurudi mara moja,
pumzi kaibana hata masikio yanavuma.

Anapiga picha ukuta mweupe. Anaikuza.
Weupe mtupu.

Basi anafungua za mwaka mzima, azitakase:
harusi ya akina Colque, limetoka;
mahafali, limetoka;
timu ya mpira ya wachimba shaba, limetoka.

Mazishi ya Hilario.
Doa liko juu ya jeneza, kidogo kushoto,
na Hilario alilikohoa vumbi hilihili
miaka tisa.

Kidole kinangoja.

Hiyo anaihifadhi ilivyo.