Baki

Darasa la nne, Bombo. Mwalimu Lubari
alitugawa makundi ya wanne wanne.
Tulikuwa thelathini na saba.
"Tisa," akasema, akipangusa chaki, "baki moja."
Baki nilikuwa mimi,
nimekaa dirishani na jibu lake
tangu kabla hajamaliza swali.

Bibi akisuka kawa nilimhesabia miaa.
Nikamwambia: hapa umeruka,
ua la saba halitafanana na la kwanza.
Akalifumua, akakesha akilisuka upya.
Hakunigombeza. Asubuhi aliniambia tu
nikacheze na wenzangu,
kana kwamba wenzangu ni mahali,
kama kisimani, kama dukani,
nikitumwa nitafika.

Basi nilitumwa. Nikafika Kampala.
Kila Alhamisi, Wandegeya, juu ya duka la dawa,
hukutana vichwa:
Atukwatse, aliyeacha udaktari akafuata nyota,
Ocakacon, achezaye chesi huku akitazama ukuta,
Namukasa, umtajie tarehe uliyozaliwa
atakwambia ilikuwa Jumanne, na mvua ilinyesha.
Nilipanda ngazi zile mara ya kwanza
viganja vikinitoka jasho kama bwana harusi.

Lakini huku watu hucheka kabla mzaha haujaisha,
na mimi, niliyezoea kuwangoja wengine,
ndiye sasa ninayengojwa.
Mmoja akisema, mwingine humkodolea macho mdomoni,
si kwa kumsikiliza,
ila kama angojaye choo kiwe wazi.
Kiswahili changu wanakiita cha kambini.
"Toa amri basi, afande!" Wanacheka. Nami nacheka,
nimechelewa nusu sekunde,
na wao, kwa akili zao, wameiona ile nusu.

Siku moja nilirekebisha hesabu ya Atukwatse ubaoni.
Alama moja tu, ya kutoa.
Chumba kikanyamaza hata nikasikia
friji ya dawa ikinguruma chini,
nikamkumbuka bibi, taa ya mafuta, vidole vyake,
na lile ua
lililokuwa zuri vilevile lilivyokuwa.

Usiku huo umeme ulikatika mapema.
Tulikuwa tisa, maandazi kumi.
Hesabu ya mtoto: moja moja, na moja
likabaki sahanini likipoa,
vichwa vyote vile, hakuna aliyejua la kulifanya.
Wakashuka ngazi gizani, wakibishana
juu ya mwanga na mwendo wake.

Nilikuwa napapasa kiatu changu
Candiru wa Arua, ambaye miezi mitatu
sijamsikia akimaliza sentensi,
aliponisukumia sahani
akasema, kwa Kiswahili kilekile cha kambini:
"Baki."

Sikujua kama analitaja andazi
au ananiambia mimi.
Nikaketi, kiatu kimoja mguuni.
Akalimega mara mbili.
Vipande havikulingana.