Koromeo

Minza aliniletea gemu ndani ya soksi,
soksi ya shule, nyeupe iliyokwisha kuwa kahawia,
akaiweka juu ya meza yangu, Makoroboi,
kati ya simu zilizolowa na redio isiyo na mgongo.
"Fundi, usimwamshe vibaya. Huwa anang'ata."

Ndani mlikuwa na mmea.
Mtungi wa kijani, kifuniko chake ndicho ulimi,
meno ya miiba yamepangwa kama ya kitana,
na mzizi mmoja anaoutanguliza
kama kipofu na fimbo.
Jina lake la kiwandani limeandikwa kwa herufi
ambazo mimi na Minza hatukufundishwa.
Yeye anamwita Koromeo,
kwa kuwa, alisema, huyu hana tumbo, hana moyo,
ni koo tu kutoka juu hadi chini.

Aliyemkamata kwanza hatumjui.
Mtoto wa ng'ambo, labda sasa ana ndevu;
gemu lilikuja na robota la mitumba,
ndani ya mfuko wa koti zito la baridi
ambalo Mwanza nzima hakuna wa kulivaa.
Ngazi ya hamsini na saba. Saa mia mbili na kumi na moja.
Mtu alimlisha kiumbe huyu saa zote hizo
halafu akakua.

Tatizo ni betri, nilimwambia. Ile ndogo, ya ndani,
duara kama kifungo cha shati.
Hiyo ndiyo inayomkumbuka. Ikifa, naye
"Naye nini?"
Nikachukua bisibisi.

Kuna ujanja: unalehemu mpya kabla ya kuitoa ya zamani,
gemu likiwa linawaka,
umeme usikatike hata kwa kufumba na kufumbua.
Nilifanya usiku, mkono umetulia kama wa mkunga.
Koromeo yuko kwenye kioo, mdomo wazi.
Ndipo wakaja wadudu wa ziwa,
wingu lile linaloinuka majini kama moshi usio na moto,
wakapita Kirumba, wakavuka Mirongo, wakaifuata taa yangu,
wakatua kwenye kioo, mamia,
hasa pale, hasa kwenye mdomo wake.
Nilicheka peke yangu. Kula, nikamwambia, leo karamu.

Umeme ukakatika.

Sitaki kusema ni TANESCO au ni mkono wangu.
Uliporudi, kioo kiliuliza kwa upole:
mchezo mpya?

Siku tatu sikutengeneza simu ya mtu.
Nilitembea kwenye nyasi za gemu, mtu mzima,
miaka arobaini na sita,
wateja wakiniona nimeinama wakadhani nalehemu.
Nilipita mabwawa yenye magugu mazito
kuliko haya yanayoziba mwalo wetu.
Nilimkuta mdogo, ngazi ya tano,
mtungi wake haumezi hata panzi.
Nikamlisha. Nikampiganisha. Nikajikuta namwombea.
Mke wangu Leokadia akauliza nazungumza na nani.
Na mmea, nilisema, naye akazima taa.

Ijumaa Minza alikuja na sare yake, na shilingi elfu mbili
iliyokunjwa hadi ikawa kama ukucha.
Akawasha. Akatazama muda mrefu kuliko nilivyotaka.
"Siyo yeye.
Yule wangu alikuwa anasubiri kwanza.
Mdudu akishaingia anakaa kidogo,
kama anafikiria kumsamehe, ndipo anafunga.
Huyu anafunga papo hapo."

Nilimsogezea pesa yake.
Hakuichukua.
Alikaa kwenye stuli ya wateja, soksi begani,
kidole gumba juu ya kitufe,
wadudu wakavu wa usiku ule bado kwenye pembe za kioo.
"Ngazi ya ngapi?"
Kumi na tisa.
"Ana njaa," alisema, si kwangu,
akaanza kutembea.