Dhiraa Moja

Miezi mitano nilipiga migongo.
Migongo ya Kibuye: shati lililoloa jasho,
mtoto kalala ndani ya leso, shingo imelegea,
mkono usio na mwenyewe ukihesabu chenji.
Lenzi ndefu ilikuwa ukuta wangu,
nami nyuma yake mwizi
anayerudi nyumbani mikono mitupu.

Na kila picha ilijaa pomoni:
mitumba, mwavuli wa kampuni ya simu,
nusu ya pikipiki, ndoo, ndoo, ndoo.
Nikalilaumu soko.
Soko halikuwa na kosa. Nilisimama mbali.

Jumapili moja, safu ya wauza kamba za mkonge,
sauti ikanidaka:
"Wewe wa kamera! Hii ni mara ya tatu.
Mimi nakudai, au wewe unanidai?"
Masikio yakawaka kama pasi ya makaa.
Kwetu Chavakali nilifunzwa
mtoto hawakodolei macho wakubwa,
na kwa miaka yangu thelathini na mmoja
mtoto huyo bado ndiye mimi.

"Njoo. Shika hapa."
Akanipa ncha, akarudi kinyumenyume akisokota
hadi karibu na wachomelea vyuma,
kisha akaanza kuikunja kwenye kiwiko,
mkunjo, mkunjo,
kamba ikifupika, nami nikivutwa.
Jina? Rispa Akeyo.
Langu nikalitaja, likakwama, nikalitaja tena.
Kamba ilipokwisha
kati yetu ilibaki dhiraa moja.

"Sasa piga. Lakini hizi kamba zitoe.
Hapa wote wananijua kwa kamba."

Akazisukuma kwa mguu mwenyewe.
Nyuma yake ukabaki mlango wa bati
uliokuwa na rangi ya buluu zamani.
Nikabadilisha lenzi, nikafunga ile fupi.
Nyuzi za mkonge kwenye nyusi zake.
Kovu dogo chini ya mdomo.
Hakutabasamu, wala sikumwomba.
Mkono ulitetemeka, nikauacha utetemeke.
Nikangoja, sijui nini,
mpaka akaacha kuitazama kamera
akanitazama mimi.

Mara moja tu. Nikashusha.

Wiki iliyofuata nikampelekea.
Akaishika mbali, akaishika karibu.
"Huyu ni mama yangu," akasema,
akaitia kifuani, penye noti,
kisha akaniuzia mita tano za kamba,
bei ile ile ya kila mtu.
Sina mbuzi. Sina kisima.
Imening'inia mlangoni kwangu,
na kila nikitoka na kamera
huipitisha mkononi kwanza.