Upana wa Boriti

Mikindani chumba hakipimwi kwa futi.
Kinapimwa kwa mkoko: boriti inapoishia
ndipo ukuta unapoanzia. Ndiyo maana sisi
tumezaliwa katika vyumba virefu, vyembamba,
tukajua kupishana kabla ya kujua kukimbia.

Mwezi wa tatu alikuja Mholanzi.
Aliinama mlangoni kwa Somoe Nankuna,
na bado mlango ukamgonga paji.
Akacheka. Akatoa simu, akanionyesha kwao:
maji pale ambapo pangekuwa na barabara,
madaraja yamebinuka kama paka aliyetishwa,
nyumba zimebanana, nyingine zimeegemea jirani
kama watu waliokesha matangani.
Alisema, chini yake kuna magogo,
maelfu, yamezamishwa topeni.
Yakilowa hayaozi. Yakikauka, mji unalala chali.

Nikaendelea kukoroga chokaa.
Kwetu ni kinyume: boriti ikilowa, kwisha.
Juzi nimeishusha moja darini kwa Somoe,
nyepesi kama mkate wa juzi,
rangi nyekundu imebaki, mti haumo.

Nikamuuliza, hela za kujengea mlipata wapi?
Alitaja pilipili manga. Akataja sukari.
Akanyamaza kidogo,
akataja na watu.

Basi nikampeleka hatua arobaini, mpaka soko la zamani,
wanapouza vinyago na soda.
Sikusema kitu. Hata yeye.
Muuzaji alidhani tunataka bei.

Mlango wa Somoe una maua, una mnyororo,
una jina la tajiri aliyeujengesha.
Aliyebeba matumbawe kichwani kutoka ufukweni
hana hata ua moja.
Nikipiga nyundo ukutani huwa nasikia
pametoka sauti ya shimo, halafu si shimo.

Saa kumi bamvua likapanda mtaroni,
likaleta majani, kandambili moja, povu,
likafika ngazi ya pili.
Kwa nusu saa nasi tukawa na mfereji.
Mholanzi akapiga picha. Somoe akachungulia dirishani:
"Fundi! Unanipaulia, au nimwite wa bati?"

Nimempa jibu la kweli.
Kibali cha mikoko hakijatoka,
karatasi iko Mtwara, mezani kwa mtu aliye likizo.
Somoe analala chini ya turubai,
nyota anaziona kwenye matundu,
na chumba chake, kisicho na dari,
upana wake ni uleule.